Siku Mheshimiwa Alipofungua Maji ya Ngendo

Kama kuna mtu Kiganjo aliyekuwa amewachoka wanasiasa, ni Gathogo, na kama kuna mtu aliyechoka kumsikia Gathogo akieleza jinsi alivyowachoka, ni mkewe Ngendo. Akinyoa ndevu aliwatukana. Akisikiliza taarifa ya habari aliwajibu kwenye redio, akawakatiza, akawauliza maswali na kukasirika walipokosa kumjibu. "Mimi hao watu siwataki hata kwa picha," ndiyo iliyokuwa kauli yake, na watoto wa mtaa walikuwa wameizoea mpaka waliiigiza wakicheza. Kwa hivyo Ijumaa ile, Ngendo alipotoka jikoni akamkuta fundi anachimba mtaro kutoka chini ya tangi la maji kuelekea ukutani, hakufikiria hata kidogo kwamba mumewe amepatana na mwanasiasa.

"Maina, unazika nini hapo?" akamuuliza fundi.

"Paipu, mama. Kwani mzee hakukwambia?"

Mzee hakuwa amemwambia. Mzee alikuwa amesimama nyuma ya tangi, akijifanya anakagua kutu kwenye miguu ya chuma.

Sasa, hilo tangi halikuwa tangi la kuchezea juma hilo. Kesho yake, Jumamosi, ilikuwa ruracio ya binti yao Ciku. Watu wa Okello, kijana aliyemposa, walikuwa wanatoka Ruiru kuleta mahari, wakiongozwa na babake, Mzee Omondi, na ilikuwa mara yao ya kwanza kukanyaga boma hilo. Maji ya mfereji Kiganjo huja yanapotaka, na siku hizo hayakuwa yametaka hata kidogo, kwa hivyo Ngendo alikuwa ameita lori la maji likajaza tangi mpaka likafurika. Hayo yalikuwa maji ya kupikia, ya chai, ya kuoshea vyombo na ya wageni kunawa mikono. Mama anayepokea wakwe kwa mara ya kwanza akakosa maji ya kuwanawisha, hiyo ni aibu isiyofutika. Ingesimuliwa Ruiru mpaka wajukuu wake mwenyewe waisikie, na Ngendo alikuwa ameapa kwamba wajukuu wake watasikia mambo mengine.

"Baba Ciku, toka huko nyuma unieleze," akasema.

Gathogo akatoka, akaeleza. Nje ya ukuta wao, mkabala kabisa na tangi, mwakilishi wadi, Mheshimiwa Githae, alikuwa amejenga kioski cha maji. Kisima kilikuwa kimechimbwa, kioski kimepakwa rangi, jiwe lenye jina la mheshimiwa limebandikwa. Kilichokosekana ni pampu tu, ambayo ilikuwa njiani tangu mwaka jana. Lakini kura zilikuwa zinakaribia, siku ya ufunguzi ilishatangazwa, na waandishi wa habari walishaitwa.

"Ni dakika mbili tu," Gathogo akasema. "Atafungua mfereji, anywe kikombe, apigwe picha, wafunge. Hata ndoo moja haitaisha."

"Na wewe unapata nini?"

"Hema na viti. Wakimaliza huko nje vinaingizwa hapa ndani moja kwa moja, bure." Akashusha sauti kidogo. "Halafu atapitia kuwasalimia wakwe."

Hapo ndipo Ngendo alipoona bei kamili ya mumewe. Hema lilikuwa kisingizio tu.

"Si ni wewe huwataki hata kwa picha?"

"Simtaki. Ninamtumia."

Ciku alikuwa mlangoni na nywele nusu zimesukwa. "Dad, ni yeye anakutumia. Hata jina lako hajui."

"Analijua. Ananiita chairman."

"Anaita kila mtu chairman."

Lakini tusimlaumu Gathogo peke yake. Ngendo angeweza kumwambia Maina afukie mtaro wake aende, na hakumwambia. Alisimama pale na kijiko cha mbao mkononi, akamwona Mzee Omondi kwa macho ya moyo, akiinuka kwenye kiti kumpa mheshimiwa mkono, hapo hapo katika boma lake. Picha hiyo ilimkalia vizuri. Akarudi jikoni akisema tu kwamba zikizidi dakika mbili atakayejibu si yeye.

*

Ufunguzi wa Jumamosi ulitangazwa kuwa wa asubuhi na mapema, ukaanza jua likiwa limeshachoma, kwa sababu mheshimiwa huwa hafiki, huwa anangojwa. Watu walikaa chini ya hema lililochapishwa uso wake pande zote, akicheka meno yote. Kavindu, muuza mboga wa nyumba ya tatu, alisema huyu wa kitambaa ni afadhali, angalau yeye amefika saa yake.

Ngendo alikuwa uani na dada yake Wanja wakimenya viazi vya mukimo, wakisikiliza spika kupitia ukuta. Wakasikia mheshimiwa amefika. Wakasikia sala, na baada ya sala hotuba, na baada ya hotuba shukrani kwa waliokuja kusikiliza hotuba. Kisha mfereji ukafunguliwa, na vigelegele vikapanda mpaka kuku wa Ngendo wakakimbilia chini ya gari la jirani.

Dakika mbili zikapita, zikapita na nyingine. Ndipo sauti ya mheshimiwa, iliyokuwa imelewa makofi, ikasema: "Wananchi, maji haya si ya kuangalia. Ni yenu. Leteni mitungi, jazeni, pelekeni nyumbani."

Labda alisahau maji yale ni ya nani. Labda hata hakuwahi kuambiwa. Hilo mpaka leo halijulikani, na Ngendo aliacha kuuliza. Alichojua wakati huo ni kwamba mtaa mzima ulikuwa haujaona maji kwa muda mrefu, na kwamba mitungi ilitoka milangoni haraka kuliko wenyewe.

Alitoka mbio na maganda ya viazi kwenye leso. Akamkuta Mitchell, msichana anayemshughulikia mheshimiwa mambo yake, amesimama na simu mbili mikononi.

"Mitchell, waambie wafunge."

"Mathee, siwezi funga saa hii. Tuko laivu."

"Laivu ni wapi?"

"Kwa mtandao. Watu wanatuona mpaka Dubai."

Ngendo hakuwa na shida na watu wa Dubai. Alirudi ndani akaenda moja kwa moja kwenye tangi, akashika koki. Gathogo alikuwa amemfuata, suti yake mpya imeloa jasho mgongoni.

"Mama Ciku, nakuomba. Ukifunga sasa watajua hakuna kisima. Watafuata hiyo paipu, na itawaleta kwangu."

"Wageni watakunywa nini?"

"Dakika moja tu. Anamalizia."

Ngendo alimwangalia. Aliyemwogopesha mzee huyu hakuwa Githae. Alikuwa anaogopa Kavindu, na kinyozi wa mtaa, na wazee wa kanisa, wote waliomsikia miaka yote hiyo akijisifu kwamba yeye hanunuliki. Alimwonea huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomponza. Akaondoa mkono kwenye koki.

Baada ya muda, alipougonga upande wa tangi kwa ngumi, lilijibu kama debe tupu. Huko nje mfereji ukakohoa mara kadhaa, ukatema matone, ukanyamaza. "Ni presha tu, fundi ataangalia," mheshimiwa akasema, akaingia kwenye gari lake kubwa na kuondoka kwenda mazishi Kahawa Sukari, akipunga mkono na kuahidi kurudi kusalimia.

*

Simu ya Ciku ililia. Akasikiliza, akafunika simu kwa kiganja. "Mum, ni Okello. Wamepita Juja."

Ngendo akakaa juu ya sufuria kubwa iliyopinduliwa, akalia. Alilia kimyakimya, kwa hasira na kwa uchovu wa miezi yote ya kujiandaa, na Wanja akasimama karibu naye, kisu cha viazi bado mkononi. Mchele haujaoshwa. Nyama iko kwenye moto, sufuria ya chai tupu. Na hema, lazima tuwe wa kweli, lilikuwa linaingizwa langoni wakati huo huo na vijana wa mheshimiwa, likiwa na meno yake yote, kama walivyoahidi.

Kisha akajipangusa uso kwa leso, akainuka, akamshika mumewe mkono wa koti. "Twende kwa Kavindu."

"Tutamwambia nini?"

"Wewe ndiye utamwambia."

"Tuseme paipu imepasuka."

"Baba Ciku." Alilitamka polepole, na Gathogo akatembea.

Walimkuta Kavindu anapanga mitungi yake mlangoni, amefurahi kweli, anaimba chini kwa chini.

"Kavindu," Gathogo akaanza, akaangalia viatu vyake. "Hayo maji yametoka kwenye tangi langu."

Kavindu akamwangalia, akaiangalia mitungi, akamwangalia tena. "Na kisima?"

"Hakina pampu."

"Kwa hivyo nimemwimbia Githae kwa maji ya Mama Ciku."

"Ndiyo."

"Nimemkumbatia. Nimemwahidi kura yangu na ya mzee wangu, na mzee wangu hata hajui."

"Ndiyo, Kavindu. Nisamehe."

Kavindu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mlango, akacheka mpaka milango mingine ikafunguka kuuliza kuna nini, naye akawaeleza wote bila kupunguza neno. Gathogo alisimama katikati ya kicheko hicho na suti yake, asiwe na pa kuweka mikono. Mwanamume aliyewatukana wanasiasa kila asubuhi sasa alikuwa na la kueleza mwenyewe, na hakuwa na hata spika.

Ghafla Kavindu akaacha kucheka. "Wageni wenu wako wapi?"

"Wamepita Juja," Ngendo akasema.

"Na umesimama hapa?" Akainua mitungi miwili, mmoja kila mkono, akamwita jirani wa mlango wa pili. "Wilkister, toa maji, ni ya wenyewe. Mwambie na mama ya Njau."

"Mimi nimeshaloweka mablanketi," Wilkister akajibu kutoka ndani.

"Basi leta mikono."

*

Ruracio ina utaratibu wake. Wageni wakifika hawafunguliwi tu wakaingia kama wanaingia dukani. Akina mama wa boma husimama ndani ya lango, akina mama wa wageni nje, wakajibizana kwa nyimbo mpaka walio nje waonekane wamestahili. Kwa kawaida ni nyimbo chache, kicheko kidogo, lango likafunguka. Siku hiyo Ngendo alimwambia Wanja, mwenye sauti, neno moja tu: asifungue mpaka aambiwe.

Magari ya Ruiru yakafika. Wanja akaimba nyimbo za ruracio zote alizozijua. Zikaisha. Akatazama nyuma, akaona msururu wa mitungi bado unaingia kwa mlango wa uani, akaanza za harusi. Zilipoisha hizo akaingilia za kanisa, na baada ya za kanisa akawaimbia wakwe wimbo wa kupalilia mahindi, maana ndio uliobaki.

Huko nje Auma, shangazi ya Okello, mama wa mwili na heshima zake, alikuwa ameanza kushuku. "Okello, hawa watu hufungua kweli?"

"Ni mila yao, aunty. Ciku aliniambia kuna kuimba."

"Kuimba gani kwa kumaliza hata betri ya jua?" Lakini Auma hakuwa mtu wa kushindwa kuimba na mtu yeyote. Akavua viatu vya visigino, akampa Okello avishike, akaingiza nyimbo za kwao, na akina mama wa Ruiru nyuma yake wakaitikia kwa miguu na mikono. Wanja akajibu. Watu wa barabarani wakasimama, waendesha boda boda wakazima pikipiki zao, wakapiga makofi.

Nyuma ya nyumba, mambo yalikuwa mengine. Gathogo alikuwa anabeba maji na suti yake, suruali imekunjwa mpaka magotini, na kila aliyepishana naye kwenye kichochoro alimpa njia kwa adabu. "Pita, mheshimiwa." "Asante kwa maendeleo, mheshimiwa." Kinyozi alimwomba bursari ya mtoto. Gathogo alipokea yote, akamimina, akarudi kuchukua mwingine. Ngendo alimwona, na ingawa alikuwa bado na hasira naye, moyo ulimlegea kidogo.

Sufuria ya chai ilipoanza kuvuma, akamwashiria Wanja. Lango likafunguka. Auma aliingia pekupeku, ametoka jasho, anacheka, akamkumbatia Ngendo kwa nguvu. "Mama Ciku, nimekwenda ruracio nyingi. Nyinyi ndio mnajua kupokea watu."

Ngendo akamwambia karibu, na akanawisha mikono ya kila mgeni mwenyewe, kwa jagi na beseni, bila haraka.

*

Mzee Omondi alikuwa fundi wa mashine kiwandani maisha yake yote, mtu wa maneno machache, na mambo hayakumpita. Alikaa chini ya hema, akala, akayatazama yale meno yaliyomzunguka pande zote. Mwisho akamwinamia Gathogo.

"Mzee mwenzangu, pole sana. Huyu marehemu alikuwa ndugu yako?"

Gathogo akaweka sahani chini. Angeweza kusema lolote. Wazo la paipu iliyopasuka lilikuwa bado lipo karibu. Lakini alikuwa amechoka mabega na amechoka moyo, na huyu alikuwa babake kijana atakayemwoa Ciku. Akamweleza yote, tangi, mtaro, laivu, mitungi, hata sababu ya wimbo wa kupalilia mahindi. Ngendo alikuwa amesimama karibu na jagi lake, akasikia kila neno. Aibu aliyoikimbia mchana kutwa ilikuwa imewekwa mezani na mumewe mwenyewe.

Mzee Omondi hakucheka. Alitafuna mpaka akamaliza.

"Kwetu Ruiru walituletea nguzo za stima," akasema. "Wakazilaza kando ya barabara, tukapiga makofi. Baada ya kura lori likaja kuzichukua. Dereva alikuwa peke yake, nikamwonea huruma." Akapangusa mikono. "Mimi mwenyewe nilimsaidia kupakia. Nilidhani wanatuletea ndefu zaidi."

Wazee wawili wakatazamana. Aliyeanza kucheka hajulikani, lakini walicheka mpaka Auma akaja kuuliza kama mahari imepunguzwa. Ngendo aligeukia ukuta akapumua. Basi walikuwa wamepata wakwe.

Ni wakati huo ndipo gari kubwa liliposimama nje. Mheshimiwa Githae aliingia mikono imenyooshwa, Mitchell nyuma yake, akaelekea meza ya mbele kama mtu aliyewekewa kiti. "Chairman," akamwita Gathogo. Akamwita na Mzee Omondi chairman.

Ngendo akamzuia njiani, na jagi mkononi.

"Karibu, mheshimiwa. Ila maji ya kunawa yameisha. Kila aliyeingia hapa leo ameingia na mtungi."

Mheshimiwa akacheka, akasubiri wengine wacheke. Kavindu peke yake ndiye aliyekohoa.

"Mtungi wa mwisho uliobaki uko kwa mama ya Njau," Ngendo akaendelea, kwa upole kabisa. "Pita hapo uani, mlango wa bluu."

"Nitatuma kijana," Mitchell akasema.

"Kijana hatukumpigia kura."

Watu wakaacha kula. Githae akaangalia nyuso, na nyuso hizo zilikuwa nyingi, na hakuna hata moja iliyokuwa inamwokoa. Akavua koti. Akapita uani. Alirudi na mtungi begani, anayumba, maji yanamwagikia shati, kiatu kimoja kimejaa tope la kichochoro, na akina mama wakampigia vigelegele vya kumcheka waziwazi, vikubwa kuliko vile vya asubuhi. Akamimina, akanawa, akakaa. Hakutoa hotuba. Aliomba mukimo mara ya pili, na Ngendo akampa, kwa sababu mgeni ni mgeni.

*

Jumapili baada ya kanisa, Ciku aliwaletea simu. Ilikuwa video, na kufikia saa hiyo ilikuwa imezunguka kutoka Thika mpaka Membley. Mheshimiwa Githae, koti amevua, mtungi begani, anaingia langoni kwa mwananchi wa kawaida, na akina mama wanampigia vigelegele kwa furaha. Sauti ya Ngendo ilikuwa imekatwa. Kioski kilionekana kidogo mwanzoni, kinameremeta. Chini kulikuwa na maandishi: Kiongozi anayebeba mzigo wa watu wake.

"Angalia comments," Ciku akasema. "Wanasema agombee ubunge."

Gathogo alipandwa na hasira, hasira ile yake ya zamani. Akasimama, akatukana, akaikemea simu kama alivyokuwa akiikemea redio. Watampigia kura kwa maji yetu, akasema. Kwa jasho letu. Hao watu hata ukiwaaibisha wanaichukua aibu yenyewe wanaiuza. Ngendo alimwacha aseme. Mwisho akachoka, akakaa, akaomba aone tena.

Wakaitazama pamoja, vichwa vimekaribiana juu ya kioo kidogo. Mtungi ukaingia langoni. Shati likaloa.

"Lakini," Gathogo akasema taratibu, "tuseme ukweli. Alibeba."

Ngendo akamrudishia Ciku simu. Neno hilo hilo lilikuwa limeshamfika mdomoni, na ilimuuma sana kulikuta huko.